Naomba ushauri: kinyonga mkubwa wa kuvaliwa na watu wawili, macho na mkia vicheze

mwl_wa_Muheza

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Muheza, nafundisha Kiswahili, lakini klabu ya mazingira nayo nimebebeshwa mimi. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, huwa tunaandamana kutoka shuleni hadi uwanja wa mpira, kama kilomita mbili hivi. Safari hii wanafunzi wamekataa mabango matupu. Wanataka mnyama, na si kinyago cha kufunika uso tu. Wanataka mnyama mzima, anatembea, mtu haonekani.

Baada ya mabishano ya kutosha tumekubaliana awe kinyonga wa pembe tatu, yule wa milima ya Usambara, kwa kuwa hapa ndipo kwao na nusu ya darasa bado wanamkimbia wakimwona kwenye mchai. Urefu wake tumeupanga mita tatu bila mkia. Atavaliwa na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, mmoja mbele, mmoja nyuma, miguu yao minne ndiyo miguu ya kinyonga.

Wanayoyataka wao: macho yazunguke kila moja kivyake, mdomo ufunguke, ulimi urushwe, mkia ujikunje na kukunjuka, na ngozi ibadilike rangi. Mimi nimekaa kimya tu nawasikiliza.

Tulicho nacho ni mianzi ya kukata wenyewe, cherehani ya mwalimu mwenzangu, magodoro mawili ya bweni yaliyochoka, na shilingi laki mbili na nusu. Wa kuchomelea vyuma hatuna. Naomba kujua tuanzie wapi, na lipi kati ya hayo linawezekana bila mtoto kuzimia humo ndani.

saketi_Nairobi

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Hiyo kazi ya macho ni ya mota za servo, zile ndogo zinazogeuka na kusimama pale unapoziamuru, usihangaike na kamba. Chukua nne za aina ya MG996R, mbili kwa kila jicho, moja inalipeleka juu na chini, nyingine kushoto na kulia. Kila moja ina uzito wa gramu 55 tu. Arduino moja, kile kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu, inatosha kuziendesha zote, na mtoto wa mbele anashika vijiti viwili vya kuchezea gemu, kimoja kila mkono.

Angalieni mambo mawili. Nguvu yake ni kama kilo 10 kwenye mkono wa sentimita moja, kwa hivyo ukiweka mkono wa sentimita kumi inabeba kilo moja pekee. Macho yawe mepesi. Pili, msitumie pawabenki ya simu. Mota moja ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya ampea mbili, na zikivuta nne pamoja, pawabenki inazima na Arduino inaanza upya katikati ya barabara. Tafuteni betri ya volti 6 yenye ampea za kutosha.

Ulimi sijui mtaufanyaje, lakini si kwa servo.

binti_wa_Amani

Mwalimu, umenifurahisha. Mimi huwatembeza wageni msitu wa Amani usiku na tochi. Vinyonga wakilala huwa wamepauka, wamekaa ncha kabisa ya tawi, kwa hiyo tochi ikiwagusa wanaonekana kama vitu vyeupe vimening'inia. Mambo ya waya na mota siyajui, ila mwenyewe namjua, kwa hiyo naomba mumtendee haki.

Pembe tatu ni za dume. Jike la huyu wa Usambara halina pembe. Mgongoni amepandisha upindo mrefu kama tanga, msiuache, ndio unaomtofautisha akiwa mbali. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo: miguu ya mbele ina vitatu ndani na viwili nje, ya nyuma ni kinyume chake, viwili ndani vitatu nje. Wachora vitabu wengi hukosea hapo.

Macho. Hayana kope mbili za kufunga na kufungua kama zetu. Ngozi imelifunika jicho lote likawa na umbo la pia ya kuchezea watoto, na tundu dogo tu limebaki katikati. Kila moja linatazama kwake. Lakini akishamlenga mdudu, yote mawili yanageuka mbele kwa pamoja, anatulia hapo, ndipo ulimi unatoka. Mtu aliyemzoea anajua kabisa sasa hivi anarusha.

Mwendo wake ni wa kuyumba. Anakwenda mbele kidogo, anarudi nyuma, anatikisika, kisha anasogea tena, kama jani linalochezewa na upepo. Huo wanafunzi waufanye kwa miili yao, hauhitaji hata senti.

Na rangi, jamani, kinyonga hafuati rangi ya kitu alichosimamia. Ukimweka kwenye kanga ya maua hageuki maua. Anabadilika kwa baridi na joto, kwa mwanga, kwa hasira, akimwona dume mwenzake au akimtaka jike. Mkiweza kuonyesha hilo tu kwenye maandamano, mmeshawafundisha watu kitu.

fundi_makochi

Mwalimu, mimi ni fundi makochi wa Ngamiani. Kazi yangu ni sponji na vitambaa, ila vikundi vya maigizo vya hapa Tanga vikitaka simba, vikitaka nyangumi, vikitaka jini la baharini, safari yao huishia kibarazani kwangu. Nitasema ninayoyajua na mengine nitawaachia wenyewe.

Wanafunzi wametaja vitu vitano. Chagueni viwili: macho na mkia. Rangi nitakuja kuisemea. Mdomo unaweza kusubiri. Ulimi uacheni kabisa, na sababu amenipa huyo binti wa Amani, mimi nilikuwa siijui. Macho yakikusanyika mbele kila mtu atauona ulimi hata kama haupo. Fikiria: macho yanazurura, moja kwa akina mama, moja kwa wauza miwa. Ghafla yote mawili yanamtulia mgeni rasmi pale jukwaani, ngoma inanyamaza. Uwanja mzima utaangua kicheko, na hujanunua hata uzi wa ulimi.

Sasa kuanza. Msianze na kinyonga, anzeni na mtoto. Mimi kwa kijana wa kidato cha tatu sivuki kilo nane, na huyo wa mbele ndiye atakayebeba kichwa. Mpimeni hivi: mjazieni begi chupa za maji, lita moja ni kilo moja, azivae azunguke uwanja wa shule saa saba mchana. Akirudi amekunja uso, punguzeni chupa mbili, mzunguke tena. Uzito atakaoubeba bila kulalamika ndio uzito wa kinyonga wenu, na mkiupata uandikeni ukutani kwa makaa. Kila kitu kitakachoongezwa baada ya hapo kipite kwenye mzani wa dukani kwanza. Wanafunzi watalia, hasa wa mapambo. Waacheni walie.

Uzito ukae kiunoni, si mabegani. Tafuteni mkanda mpana, uwekeeni sponji ndani, ukalie mifupa ya nyonga. Mikanda ya mabegani iwe ya kuzuia tu fremu isianguke mbele au nyuma. Ukimtundikia mtoto mzigo mabegani mikono inakufa ganzi, na mikono ndiyo itakayoendesha macho.

Kisha kichwa. Hapa ndipo wanyama wengi wanapofia. Kichwa kiko mbele ya mtu, kwa hiyo kinamvuta. Kikiwa kilo tatu na katikati yake iko sentimita 60 mbele ya kiuno, ili kisimame sawa utahitaji kilo nne na nusu zikae sentimita 40 nyuma. Hizo ni kilo saba na nusu, kilo nane zinakaribia kwisha na bado hujashona ngozi! Kikiwa kilo moja na nusu, nyuma unahitaji kilo mbili na robo tu, na hizo ni chupa za maji yao ya kunywa. Kwa hiyo kichwa kiwe hewa tupu. Msitumie mbao, msitumie bati, na ile njia ya kubandika magazeti na uji wa ngano tabaka kwa tabaka iacheni, ikinyonya unyevu inakuwa jiwe.

Na kwa nini mianzi peke yake, nyie watu wa Muheza mliozungukwa na mkonge? Ule mti mrefu unaochipuka katikati ya mkonge ukikaribia kufa, ukishakauka ni mwepesi kuliko mbao yoyote utakayouziwa. Ndani ni kama sponji. Nenda shambani ukaombe kwa adabu, mingi huachwa ikaoza. Hiyo iwe uti wa mgongo na nguzo za ndani. Mianzi ipasueni vipande vyembamba iwe mbavu, maana mwanzi unapinda na mti wa mkonge haupindi. Msipige misumari, mti huo haushiki msumari. Fungeni kwa kamba za mpira, zile za tyubu za baiskeli wanazofungia mizigo. Fundo la mpira linakaza, likilegea unaliona, na unalifunga tena palepale barabarani.

saketi_Nairobi

Fundi heshima yako, lakini kamba na mpira hukatika.

fundi_makochi

Hukatika, kijana wangu. Unafunga fundo unaendelea. Mota yako ikigoma pale mbele ya mgeni rasmi, utamwambia mtoto aliyefunikwa sponji aandike programu upya?

mtu_wa_ziwani

Naongezea kidogo. Mimi ni wa huku Nyasa, na ng'ambo ya ziwa nimewahi kuona Gule Wamkulu ya Wachewa, ile ngoma ya Malawi, Zambia na Msumbiji ambayo UNESCO waliitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Wana wanyama wakubwa wa namna hiyohiyo, swala, tembo, fremu ya fito na mianzi imefunikwa maganda ya mahindi au nyasi, watu wako ndani na hakuna anayethubutu kuuliza ni akina nani. Tembo wao anabebwa na watu kadhaa.

Nilichokiona ni kwamba mnyama hatembei peke yake. Ana watu wake pembeni wanaofukuza watoto, wanaoimba, wanaoonyesha njia. Aliye ndani haoni vizuri, wao ndio macho yake. Mwalimu weka vijana wanne wa kumzunguka, wawe na fimbo na filimbi, na wavae rasmi kama sehemu ya mchezo. Watoto wa barabarani hawakawii kumvuta mkia.

mwl_wa_Muheza

Shikamoo fundi. Ahsanteni wote. Nimewasomea klabu yote yaliyoandikwa humu, na ulimi umezikwa rasmi, ingawa kuna mmoja hajanisamehe. Kipimo cha chupa tumeshafanya: kijana wetu wa mbele ameishia kilo saba, tumeandika ukutani. Miti ya mkonge tumepewa bure, kweli ni miepesi mpaka wanafunzi wanabeba mmoja kwa kidole wanacheka.

Sasa naomba fundi unieleze macho kwa kamba yanakuwaje, maana mimi nikifikiria naona jicho linaning'inia tu. Na mkia. Na rangi uliyosema utakuja kuisemea.

fundi_makochi

Marahaba mwalimu.

Macho hayana kamba hata moja. Nunua faneli mbili kubwa za kumiminia mafuta, za plastiki, zenye mdomo mpana kama sahani ya wali. Faneli tayari ni jicho la kinyonga, pana nyuma, jembamba mbele. Kata ule mrija ubaki mfupi, na pale kwenye tundu gundisha kifungo cheusi kinachong'aa. Juu yake utavalisha kitambaa ulichokikunjakunja duara kwa duara.

Sasa lisimame vipi? Nenda kwa mafundi wa matairi uombe tyubu ya lori iliyokufa. Ipasue uitandaze. Tengeneza pete kwa bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20, pana kidogo kuliko faneli. Ukitaka lipinde bila kuvunjika lijaze mchanga wa moto. Wamba mpira juu ya hiyo pete mpaka ukaze. Katikati toboa tundu dogo, pitisha mpini wa ufagio uliokatwa, ubane kwa mpira pande zote mbili. Kwa nje, faneli inakaa kwenye ncha ya mpini. Kwa ndani, mtoto anashika mpini. Akiupeleka chini, jicho linatazama juu. Akiuzungusha, jicho linazunguka. Akiuachia, mpira unalirudisha katikati wenyewe. Pete moja kila upande wa kichwa, mpini mmoja kila mkono, kazi imekwisha. Mpini wa ndani usipungue urefu wa kiganja na nusu, ukiwa mfupi mkono unachoka.

Kuna ugumu mmoja tu: mkono wa kulia unakwenda kinyume na jicho la kulia, na ubongo unagoma. Mtoto afanye mazoezi ameketi, pete zimefungwa kwenye kiti, mwenzake anamtajia: kulia juu, kushoto nyuma, yote mbele! Afanye kila siku baada ya vipindi mpaka aache kufikiri. Hiyo "yote mbele" ndiyo muhimu, isikosee.

Mkiona fedha imebaki na bado mnataka mdomo, fungeni mkono wa breki ya baiskeli kwenye mpini wa jicho la kulia, waya wake uende kwenye taya la chini. Taya ining'inie kwa bawaba ya ngozi au ya mkanda, mpira uifunge, waya uifungue. Watu wengi hufunga waya wa breki halafu wanalalamika hauvuti. Hauvuti kwa sababu lile kava la nje linacheza. Kava lazima lifungwe imara pande zote mbili, upande wa mkono na upande wa taya, la sivyo unavuta kava, huvuti taya. Na lisikate kona kali.

Mkia. Wengi huhangaika kutafuta kitu kitakachojikunja. Nyie tafuteni kilichokwisha kujikunja. Lile bomba jeusi la maji la nusu inchi huuzwa limeviringwa, na ukilikata linabaki na mviringo wake, hata ulinyooshe vipi linarudi. Chukua mita mbili. Likiwa limejipinda kwa upana kuliko mnavyotaka, livingirisheni zaidi, mlifunge, mlimwagie maji yanayochemka, mliache lipoe likiwa limefungwa. Litakaza kiasi. Kwa hiyo mkia wenu ukiachwa huru unajikunja, na kamba kazi yake ni kuunyoosha. Vaeni kwenye bomba vipande vya duara vilivyokatwa kwenye ndala za zamani, kikubwa mwanzoni, kidogo mwishoni, umbali wa vidole vinne kati ya kimoja na kingine. Juu ya kila kipande toboa tundu, pitisha kamba ya nailoni tundu kwa tundu, uifunge ncha ya mkia. Mtoto wa nyuma akivuta, mkia unakunjuka, akiachia, unarudi. Kamba ipite nje ya mviringo, si ndani. Ikipita ndani mtakuwa mnaukaza badala ya kuunyoosha. Kisha valisha soksi ndefu ya kitambaa cha tisheti kinachonyumbuka.

Rangi sasa. Hapa msinunue taa. Mchana wa Juni uwanjani, taa ndogo hazionekani. Kila ubavu uwe na vibao vitatu vya kadibodi nyembamba, kila kimoja upana kama wa mkono na kiganja, mmevishona kitambaa pande zote mbili: upande mmoja kijani, upande wa pili manjano yenye madoa. Ukingo wa juu wa kibao umeshonwa ubavuni, kwa hiyo kinaweza kulala chini au kupinduka juu. Kikilala, upande wa kijani uko nje, na ngozi ya juu yake nayo mmeipaka kijani. Kikipinduka, kinafunika ile sehemu ya juu na kuonyesha manjano, na pale chini kilipokuwa kimelala panafunuka manjano mliyopaka kabla. Kamba zinapita juu ya mgongo, zinakusanyika mkononi kwa mtoto wa nyuma. Anavuta, kinyonga amekasirika. Anaachia, amepoa. Shonea nati moja ukingo wa chini wa kila kibao, upepo usije ukamkasirisha bila idhini yenu.

Mimi ningeyaweka mabadiliko ya rangi mahali pamoja tu, mara moja, pale binti anaposema kinyonga amekutana na dume mwenzake. Tafuteni mtu avae kijani asimame mbele yake. Mkivuta kamba njia nzima watu watazoea, na mtoto wa nyuma atachoka.

Ngozi: kateni sponji kwa kisu kirefu cha mkate, kwa kusugua kama msumeno, msibonyeze. Unene wa inchi moja unatosha. Gundi ya makochi mnapaka pande zote mbili, mnasubiri mpaka ukigusa kidole hakinati, ndipo mnabana. Kazi hiyo ifanyike nje, chini ya mti, ile harufu si ya kuchezea darasani. Rangi ya maji ya ukutani peke yake hupasuka sponji ikikunjwa; changanyeni na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, mpake kwa kitambaa. Na moto usimkaribie kabisa. Sponji ikiwaka haikupi muda wa kufungua mkanda, na moshi wake ni sumu. Wakaanga mihogo wa pale uwanjani waambieni mapema.

nesi_mstaafu

Mwalimu, nimesoma nikapiga hesabu, samahani kwa kuingilia. Binti anasema kinyonga anakwenda mbele anarudi nyuma. Wanafunzi wako wakifuata hatua mbili mbele moja nyuma, kila hatua tatu wamepata moja. Kilomita mbili zimekuwa sita, na ndani ya sponji! Mimi nisingekubali. Kinyonga apakiwe kwenye mkokoteni au kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka karibu na uwanja, avaliwe pale, atembee mita mia mbili au tatu za mwisho ambako ndiko watu waliko.

Andaeni jozi mbili za wanafunzi, wabadilishane kila robo saa, hata anayesema bado ana nguvu. Wanywe maji kabla ya kuvaa, si baada ya kuona kiu. Mwenye pumu, mwenye homa wiki hiyo, au ambaye hakula asubuhi, asivae. Anayemwongoza pembeni awe anamuuliza swali dogo kila mara, jina la mama yake, siku ya leo. Akijibu hovyo, akilalamika kichwa au kichefuchefu, mtoeni hapohapo, kivulini, mmwagieni maji mumpepee, na mmpeleke kituo cha afya. Na aweze kutoka mwenyewe. Mikanda yote iwe ya klipu za begi anazozifikia kwa mkono wake, pasiwe na zipu ya mgongoni inayohitaji mtu wa kumfungulia. Wapeni zoezi la kutoka wakiwa wamefumba macho.

saketi_Nairobi

Hapo kwa joto basi niruhusiwe kutumia umeme kidogo, fundi. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ina uzito wa kama gramu mia hivi, na betri ndogo ya volti 12 inaiendesha saa nyingi. Iweke kwenye koo la kinyonga ikivuta hewa ya nje kuelekea usoni kwa mtoto, na muache upenyo mgongoni chini ya ule upindo ili hewa ya moto itoke juu. Bila upenyo wa kutokea, feni inazungusha joto lilelile.

Hata hivyo ile ya tyubu ya lori nimeijaribu hapa na bakuli. Inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotaka.

fundi_makochi

Feni naipokea kwa mikono miwili. Ikifa, mtoto bado anatembea.

mwl_wa_Muheza

Nesi, ahsante sana. Mkuu wa shule amesoma hesabu yako akakubali kinyonga apandishwe kirikuu. Sasa swali la mwisho, na linanitia wasiwasi kweli. Chumba tunachojengea ni stoo, mlango wake una upana wa sentimita 80 na kidogo. Kinyonga tumpitishe wapi? Na huyo wa mbele atakuwa anaona kupitia wapi, kama macho ni faneli?

fundi_makochi

Mjengeni vipande vinne tangu mwanzo: kichwa, kiwiliwili cha mbele, kiwiliwili cha nyuma, mkia. Kila kipande kipitishwe mlangoni kila jioni mnapofunga kazi, kisichopita kipunguzwe siku hiyohiyo. Baina ya vipande muunganishe kwa bomba ndani ya bomba na pini ya waya mnene, pini ifungwe kamba ili isipotee. Vile viwiliwili viwili msiviunge kwa fimbo ngumu. Vishikane kwa mikanda na kitambaa tu, watoto wakipishana hatua fremu isivunjike, na pia kinyonga anapata ule mnyumbuko wa kiuno. Pale kwenye kiungo ndipo upindo wa mgongoni ukatwe, mfunike kwa kitambaa.

Kuona: shingoni chini ya taya acheni dirisha pana, lizibwe kwa wavu mweusi wa dirisha wa kuzuia mbu. Wavu mweusi kutoka nje unaonekana giza, kutoka ndani unaona. Ukiwa mweupe ni kinyume, jua linaupiga mtoto haoni kitu. Urefu wa juu kabisa, pamoja na upindo, upimeni akiwa juu ya kirikuu, kuna nyaya za umeme zimelegea katika vijiji vingi njiani.

Pembe zifungeni mkishafika, zikisafiri zitatoboa kitu.

Halafu mwalimu, hayo magodoro ya bweni, kabla ya kuyatia kisu, yavueni vitambaa, mmwagieni maji ya moto, myaanike juani mpaka yakauke kabisa ndani. Kunguni wa bweni hawajui maandamano, watapanda kichwani kwa mtoto wako kabla hajafika uwanjani.